Picha za Mwaloni kwa Soko la Dunia: Mwongozo Kamili wa Kuuza Picha na Video Mtandaoni Ukiwa Mwanza

Machweo ya Bismarck Rock yamepigwa picha za kutosha. Ingia kwenye tovuti yoyote inayouza picha, andika jina la Mwanza, utayaona: jiwe, maji, jua jekundu. Halafu tafuta picha nzuri ya mama akigeuza dagaa kwenye kichanja, ya fundi akiziba nyufa za mtumbwi kwa pamba, au ya vijana wakipanga taa jioni kabla ya kuingia majini. Hapo orodha inakuwa fupi, na kati ya hizo chache utakuta nyingine zina maelezo yasiyo sahihi.

Mchapishaji wa vitabu vya shule, shirika linaloandika ripoti ya lishe, gazeti linaloeleza biashara ya samaki, wote hawa wanatafuta picha za kazi. Wewe unayekaa Kirumba, Igombe, Kayenze au Nansio unaweza kufika mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, alfajiri kwa nauli ndogo, ukarudi kesho na keshokutwa mpaka watu wakuzoee. Mpiga picha anayekuja kwa ndege na kuondoka baada ya siku mbili hana nafasi hiyo. Mwongozo wote huu umesimama juu ya faida hiyo moja.

Anza na hesabu ya pesa

Tovuti za kuuza picha hazikulipi mshahara. Unapakia picha, zinakaa sokoni, na kila mteja anapopakua moja unapata sehemu ya alicholipa. Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33 ya bei ya picha na asilimia 35 ya video. Shutterstock hulipa kati ya asilimia 15 na 40 kulingana na idadi ya picha ulizouza, na kila tarehe 1 Januari kila mtu hurudishwa ngazi ya chini kuanza upya. Mteja mwenye malipo ya mwezi akipakua picha yako, unaweza kupata senti 10 tu za dola kwa Shutterstock, au senti 33 kwa Adobe.

Kwa hiyo picha kumi hazitakulipia hata bando. Kazi hii huanza kuonekana mtu anapokuwa na mamia ya picha zenye tofauti, na video zaidi, kwa sababu video huuzwa bei kubwa kuliko picha. Usiache shughuli inayokulisha kwa ajili ya tovuti hizi. Zichukue kama kaunta ya polepole. Kaunta ya haraka ni wateja wa hapa hapa Kanda ya Ziwa wanaokupata kupitia mtandao: hoteli za Capri Point, wauza samaki wa jumla, shule binafsi, miradi ya kijamii. Picha zile zile za mazoezi ndizo zitakazowaonyesha hawa kwamba unajua kazi. Nitaeleza kaunta zote mbili.

Hatua ya 1: Simu uliyonayo na mambo manne ya kuifanyia

Adobe na Shutterstock zote mbili zinadai picha yenye megapikseli 4 (kipimo cha ukubwa wa picha) au zaidi, na simu nyingi za sasa zinapita hapo. Kwa hiyo simu si kikwazo cha kwanza. Kikwazo ni namna inavyotumika.

Futa lenzi kila mara. Mwaloni kuna mafuta ya samaki hewani na mikononi, na picha nyingi zinazoonekana kama zina ukungu zina alama ya kidole tu. Usivute kwa kidole ili kukaribisha kitu, sogea wewe. Zima urembo wa ngozi na vichujio vyote, kwa sababu wakaguzi wa tovuti hukataa picha iliyolainishwa kupita kiasi. Na jifunze kufunga mwanga: bonyeza na ushikilie kidole pale unapotaka simu ipime, kisha teremsha alama ya jua kidogo.

Hili la mwisho lina uzito kwetu zaidi ya kwingine. Dagaa waliotandazwa juani hung'aa kama fedha, na simu ikiachiwa iamue yenyewe, wanageuka doa jeupe lisilo na samaki ndani yake. Punguza mwanga mpaka uone mgongo na jicho la dagaa mmoja mmoja. Uso wa mtu ukiwa giza kwa sababu hiyo, usiongeze mwanga. Msogeze mtu kwenye kivuli cha turubai, mwanga wa mchanga utampiga kutoka chini na uso utafunguka wenyewe.

Kwa kuhariri, Snapseed ni ya bure na inatosha kuanzia. Nyoosha mstari wa maji, rekebisha mwanga, rudisha rangi ya kweli. Basi.

Hatua ya 2: Panga kazi kwa jua, mwezi na mvua

Mwanza iko karibu na mstari wa ikweta. Jua huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1:00 asubuhi mwaka mzima, na huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 na dakika chache jioni. Hupanda na kushuka karibu wima, ndiyo maana mwanga laini unadumu kama nusu saa hivi. Ukifika mwaloni saa 2 asubuhi umeshaukosa. Mji uko mashariki mwa ghuba, kwa hiyo asubuhi jua huwa nyuma yako ukitazama ziwa na mitumbwi inayorudi inamulikwa vizuri usoni. Jioni jua linashukia majini, na huo ni wakati wa vivuli vyeusi vya watu na nyavu.

Mwezi ni muhimu kuliko saa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Mpiga picha asiyejua hili anakwenda siku ya mwezi mpevu, anakuta vichanja vitupu, anarudi nyumbani akidhani hakuna kazi. Panga hivi: siku za giza piga mitumbwi ikirudi, upimaji kwa ndoo, uanikaji, biashara. Siku za mbalamwezi piga ushonaji wa nyavu, ukarabati wa mitumbwi, ufundi wa mashine na taa. Ndani ya mwezi mmoja una mada mbili kamili.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yana mawingu makubwa na hewa safi iliyooshwa. Pia ndiyo miezi ambayo dagaa huharibika kwa kukosa jua, na picha ya mama akikimbiza turubai juu ya kichanja mvua ikianza ina habari kubwa ndani yake. Juni hadi Septemba kuna vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Milima ya ng'ambo hupotea, kwa hiyo piga vitu vya karibu.

Hatua ya 3: Mwaloni, watu kwanza

Siku ya kwanza usitoe simu. Kila mwalo uliosajiliwa una kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, chenye mwenyekiti na katibu. Waone hao kwanza. Waambie jina lako, unakokaa, unachotaka kupiga na kwamba picha utaziuza. Neno "utaziuza" lisikosekane. Ukilificha na likajulikana baadaye, umejifungia mlango wewe na mpiga picha atakayekuja nyuma yako. Katika mwalo mkubwa kama Kirumba uliza pia uongozi wa soko.

Salimia inavyostahili. "Mwangaluka, mayu" asubuhi hufungua mazungumzo kwa wamama wa Kisukuma, lakini mwaloni kuna Wakerewe, Wakara, Wajita na Wazinza pia, na "shikamoo" haijawahi kumuudhi mtu mzima yeyote. Msaidie mtu kubeba ndoo. Nunua dagaa zako za mboga hapo hapo.

Baada ya hapo piga kwa mfululizo. Mtu anayejifunza hupiga vitu vingi mara moja moja. Mnunuzi anataka jambo moja likiwa limepigwa kwa pande zake zote. Fuata dagaa kutoka mtumbwini hadi kwenye gunia na upate angalau hizi: mwalo mzima ukiwa umetazamwa kutoka kwenye mwamba, mtumbwi ukitia nanga, mikono ikipakua, mnunuzi na mvuvi wakipatana bei, ndoo ya kupimia, dagaa wakimwagwa kwenye kichanja, mikono ikiwageuza, uso wa mwenye kazi akitazama kamera, uso ule ule asipotazama, kindoo cha chumvi, gunia likishonwa, gari likipakia. Ukimaliza dagaa, fanya vivyo hivyo kwa sangara, kwa kayabo (samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa), kwa mtumbwi unaoundwa kutoka ubao wa kwanza. Zoezi hili la mfululizo mmoja kila wiki linajenga jicho kuliko kozi nyingi za kulipia nilizowahi kuziona, na halina ada.

Kwa video, laza simu. Shikilia kwa sekunde 15 hadi 20 bila kutembea wala kuzungusha, viwiko vikiwa vimebana mbavuni au simu ikiwa juu ya kopo. Tovuti hupokea vipande vya sekunde 5 hadi 60. Usiweke muziki. Usiongee. Kipande cha mikono ikishona wavu, kilichotulia, kinaweza kutumika katika makala ya nchi yoyote.

Kuna vitu vya kuacha. Usipige bandari, uwanja wa ndege wala majengo ya ulinzi bila kibali. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuirusha kimyakimya juu ya daraja la Kigongo-Busisi ili upate picha ya kuvutia ni kujitafutia matatizo. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo upigaji wa kibiashara unapitia TANAPA. Ukikuta mtu anavuta kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, weka simu mfukoni: ni uvuvi haramu, na sura yake ikionekana umeingia kwenye kesi isiyokuhusu.

Hatua ya 4: Ridhaa iliyoeleweka

Tovuti hugawa picha katika makundi mawili. Picha za biashara zinaweza kuwekwa kwenye tangazo, na kila mtu anayetambulika ndani yake lazima awe amesaini fomu ya ridhaa mbele ya shahidi. Picha za habari hutumika kwenye magazeti, vitabu na ripoti tu. Shutterstock na Alamy, tovuti nyingine ya kuuza picha, huzipokea zikiwa na watu bila fomu. Za biashara zina soko pana zaidi.

Fomu hupatikana bure kwenye tovuti zenyewe, lakini mama uliyempiga huenda hasomi Kiingereza. Mweleze kwa mdomo, kwa Kiswahili au kwa lugha yake: mama, picha hii nitaiuza, anayeinunua anaweza kuwa Ujerumani au Japani, anaweza kuiweka kwenye bango la bidhaa, mimi nitapata pesa kidogo kidogo, na wewe hutalipwa tena baada ya leo. Halafu nyamaza, umwache afikiri. Akisema hapana, ni hapana, na muuzie dunia mikono yake ikiwa amekubali hilo tu. Mtoto chini ya miaka 18 husainiwa na mzazi au mlezi. Tangu mwaka 2023 Tanzania inatekeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata kabla ya sheria, sura ya mtu ni mali yake.

Rudisha picha. Mtumie kwenye simu, au chapisha moja umpelekee. Watu waliopata picha zao ndio watakaokuita siku mtumbwi mpya unapozinduliwa.

Kwenye picha za biashara ondoa pia alama za kampuni. Mwaloni zimejaa: Yamaha kwenye mashine, nembo za Simba na Yanga kwenye fulana, majina kwenye ndoo za rangi na madumu ya mafuta. Ni rahisi kugeuza ndoo kabla ya kupiga kuliko kufuta jina baadaye.

Hatua ya 5: Jina la samaki ndilo linalouza

Hapa ndipo wengi wenye picha nzuri hupotea. Mnunuzi hapitii picha moja moja. Anaandika maneno na tovuti inamletea zinazolingana. Picha isiyo na maneno sahihi haionekani kabisa, hata ikiwa bora.

Maelezo huandikwa kwa Kiingereza. Kama chako si kizuri, tumia programu ya kutafsiri kisha mwombe mwalimu au mwanafunzi wa chuo aipitie. Ila usimwachie mashine majina ya samaki, maana huyaharibu. Weka jina la kisayansi, ambalo mtafiti na mhariri wa lugha yoyote hulitambua: dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea, sangara ni Lates niloticus, sato ni Oreochromis niloticus. Dagaa wa Kigoma ni samaki wengine kabisa, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na ukiwachanganya umempa mchapishaji kosa litakaloingia kitabuni. Hakuna mtu aliye na nafasi nzuri ya kuandika haya kwa usahihi kuliko aliyelelewa kwenye harufu ya dagaa hao.

Adobe inaruhusu maneno 49 kwa picha, na kumi ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi, basi yapange kwa umuhimu: kitendo, samaki, mahali, mtu, kisha mengine. Shutterstock inataka kati ya maneno 7 na 50. Andika Mwanza, andika Tanzania, andika Ziwa Victoria, na jina la mwalo. Andika pia kinachozungumziwa: ukaushaji kwa jua, kazi za wanawake, usalama wa chakula. Usiweke maneno yasiyomo pichani ukidhani utavutia wengi. Kwa picha za habari Shutterstock hutaka maelezo yaanze na jiji, nchi na tarehe, kisha tukio.

Weka kidaftari mwaloni. Jina la mwalo, tarehe, kitendo, nani amesaini. Jioni kumbukumbu zimeshachanganyika.

Hatua ya 6: Kuchagua na kupakia

Ukirudi na picha 200, pakia 15. Kuza kila moja mpaka uone macho. Kama hayakukaa sawa, ifute. Picha mbili zinazofanana, bakiza moja. Kujisajili kuwa muuzaji ni bure kwenye Adobe Stock, Shutterstock, Alamy na Pond5, na yeyote anayekutoza ada ya usajili ni tapeli. Anza na mbili: Adobe kwa picha zenye ridhaa, Shutterstock au Alamy kwa za habari. Kipande cha video cha 4K (ubora wa juu) cha sekunde 20 kinaweza kufikia MB 100, kwa hiyo pakia usiku bando likiwa rahisi, au kwenye intaneti ya mahali unapofanyia kazi. Weka nakala mbili za kila faili, moja nje ya simu.

Utakataliwa. Soma sababu. Ikiwa ni chembechembe, ulipiga kwenye giza. Ikiwa ni ukali wa picha, mkono ulitikisika. Ikiwa ni nembo, rudi ukageuze ile ndoo.

Kuhusu picha zinazotengenezwa na akili bandia: zinamaliza soko la vitu vya jumla, kama mtu anayetabasamu mbele ya kompyuta. Shutterstock haipokei za aina hiyo kutoka kwa wauzaji, Adobe inazipokea zikitajwa wazi. Lakini mwalo wa Igombe asubuhi ya Jumanne fulani, na mtu halisi aliyesaini, mashine haiwezi kuuthibitisha. Hiyo ni sababu nyingine ya kukaa upande wa kazi za kweli.

Hatua ya 7: Wateja wa hapa

Chagua picha 20 tu, ziweke Instagram na kwenye orodha ya bidhaa ya WhatsApp Business, zikiwa na namba na neno Mwanza. Kisha nenda kwa mteja ukiwa na kitu mkononi. Hoteli yenye picha za giza kwenye ramani ya Google ipelekee picha tatu za sampuli za bustani yao, baada ya kuomba ruhusa ya kuzipiga.

Bei ipange kwa hesabu, usikisie. Chukua mfano: unataka kubaki na shilingi 600,000 kwa mwezi, na siku zenye kazi ya kulipwa ni 10. Siku moja ni 60,000. Kazi ya hoteli inakula siku moja ya kupiga na mbili za kuhariri, hiyo ni 180,000. Ongeza usafiri na bando 35,000, na 20,000 ya kuweka akiba ya simu au kamera ijayo. Chini ya 235,000 unajilipia mwenyewe ili ufanye kazi ya mtu. Mteja akisema ni ghali, punguza idadi ya picha, usipunguze bei ya siku.

Andikianeni, hata kwa ujumbe wa WhatsApp: picha ngapi, video ngapi, siku ya kukabidhi, marekebisho mara ngapi, na zitatumika wapi. Pokea nusu kabla. Nusu ya pili ikiingia kwenye Lipa Namba ndipo unatuma faili zisizo na alama ya jina lako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakupa haki juu ya picha uliyopiga, kwa hiyo katika maandishi hayo taja pia kama unabaki na ruhusa ya kuziuza kwingine.

YouTube ni njia ndefu zaidi. Ili ulipwe matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 kwa siku 90. Ukielekea huko, pita kwanza ofisi ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, Kanda ya Ziwa hapa Mwanza uulize kama maudhui yako yanahitaji leseni.

Hatua ya 8: Pesa ifike, na kodi

Malipo ya tovuti hizi hupitia njia kama Payoneer, ambayo hukuwezesha kuhamishia fedha kwenye akaunti yako ya benki. Jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho chako cha NIDA na la benki. Tofauti ya herufi moja huzuia pesa kwa wiki kadhaa. Adobe hulipa ukifikisha dola 25, na Shutterstock nayo ina kiwango chake cha chini. Kila mara uhamishapo kuna makato, kwa hiyo acha zikusanyike kidogo.

Utaombwa kujaza fomu ya Marekani inayoitwa W-8BEN. Usiogope, na usiiruke. Inaeleza kwamba wewe si mkazi wa Marekani. Kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 hukatwa, lakini kwenye mauzo yaliyotokea Marekani tu. Mauzo ya Ulaya au Afrika hayaguswi. Panapoulizwa namba ya mlipakodi weka TIN yako ya TRA, ambayo hutolewa bure kwa kitambulisho cha NIDA. Fomu hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini: ya 2025 inaisha tarehe 31 Desemba 2028, na isipohuishwa makato yanaweza kuongezeka bila wewe kujua.

Mwisho wa kila robo mwaka fungua ripoti ya mauzo na uandike picha zipi zimepakuliwa na kwa maneno gani. Kama ni mikono ya wanawake kichanjani iliyouza, mfululizo unaofuata uwe wa mikono: kushona nyavu, kupasua sangara, kuhesabu pesa za dagaa. Tazama kalenda ya mwezi, uchague usiku wa giza, na umpigie katibu wa BMU umwambie unakuja.